Singapore hadi New York kwa ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali na muda wa safari

Safari hii ikitajwa tu, swali la kwanza huwa "ni saa ngapi?" na la pili "mbona kila mahali wameandika tofauti?" Watu huchanganya mambo matatu: umbali wenyewe, njia inayopitwa na ndege siku hiyo, na saa zilizochapwa kwenye tiketi. La kwanza halibadiliki, la pili hubadilika kila siku, na la tatu lina mitego yake. Nimeichagua jozi hii kwa sababu safari ya moja kwa moja kati ya Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, na JFK, uwanja wa ndege wa New York, ilipoanza Novemba 2020, ilikuwa ndefu kuliko zote zenye ratiba ya kawaida duniani. Kila kinachosumbua wasafiri wa mbali kinaonekana hapa kwa ukubwa wake. Ukiielewa hii, nyingine yoyote utaipigia hesabu mwenyewe.

Kutoka uwanja wa Changi hadi JFK ni kilomita ngapi?

Kilomita 15,349. Kwa maili za nchi kavu ni karibu 9,537, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani huzitumia, ni karibu 8,288. Ukikuta mtu ameandika 9,537 na mwenzake ameandika 8,288, hawapingani. Kila mmoja ana maili yake. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609, ya baharini ni mita 1,852.

Ili upate picha ya ukubwa wake: sehemu mbili zilizo mbali kabisa duniani, moja upande huu wa tufe na nyingine upande wa pili, hutenganishwa na karibu kilomita 20,000. Haiwezekani kuwa mbali zaidi ya hapo, maana ukiendelea mbele unaanza kukaribia tena. Kwa hiyo Singapore na New York zimeachana kwa zaidi ya robo tatu ya umbali wote unaowezekana.

Tofauti ndogondogo za kilomita chache kati ya kikokotoo kimoja na kingine zisikusumbue. Vingine huichukulia dunia kama mpira kamili wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, vingine hukumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha na kutuna Ikweta.

Ndege hutumia saa ngapi?

Ratiba huweka kati ya saa 18 na nusu na saa 19 kwa safari ya moja kwa moja. Muda huo hauanzi ndege inapopaa. Unaanza pale kabari zinapoondolewa chini ya magurudumu na ndege kusukumwa kutoka langoni, na unaisha inaposimama kwenye lango la pili. Ndani yake kuna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, kuna kuzunguka angani kusubiri zamu ya kutua, na kuna dakika za akiba ambazo mashirika huziongeza ili yasionekane yamechelewa. Ndiyo maana rubani huweza kutangaza muda mfupi kuliko ulio kwenye tiketi yako. Yeye anahesabu muda wa angani tu.

Huo mstari wa kilomita 15,349 unapita wapi?

Hapa ndipo ramani ya ukutani huwadanganya watu. Ukiitazama, utadhani njia fupi ni kukata kulia kupitia Bahari ya Pasifiki, au kushoto kupitia Asia, Ulaya na Atlantiki. Sivyo. Chukua tufe la dunia na uzi. Shika ncha moja ya uzi kwa kidole juu ya Singapore, vuta ncha nyingine hadi New York, kisha uukaze mpaka usiwe na ulegevu wowote. Uzi utateleza wenyewe kwenda juu, utapanda kupitia China na Siberia, utapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, halafu utashuka upande wa pili kupitia Kanada.

Sababu yake inaonekana kwenye longitudo. Changi iko nyuzi 104 mashariki, JFK iko karibu nyuzi 74 magharibi. Zijumlishe upate 178, pungufu kidogo tu ya 180 ambayo ni nusu kamili ya mzunguko. Yaani miji hii miwili inakaribia kutazamana ikiwa na ncha ya dunia katikati, na mstari mfupi zaidi hupita chini ya kilomita 300 kutoka kwenye ncha yenyewe.

Ukiwa na tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, pima ule uzi kwa rula. Utapata kama sentimita 36. Kwenye tufe la ukubwa huo kila sentimita ni karibu kilomita 425, kwa hiyo 36 mara 425 inakupa 15,300. Uzi na rula vimekaribia kikokotoo kwa tofauti isiyofika kilomita 50. Wafanyieni watoto jaribio hili. Nimeliona likibadilisha kabisa namna mtoto anavyoitazama ramani.

Kwa hiyo ndege hupita Ncha ya Kaskazini?

Mara nyingi hapana. Mwaka 2018, shirika la Singapore Airlines liliporudisha safari ya moja kwa moja hadi Newark, uwanja jirani wa JFK, lilitaja mwendo wa karibu kilomita 16,700. Umbali mfupi zaidi hadi Newark ni ule ule wa kilomita elfu kumi na tano na mia tatu na ushee. Ndege inakubali kuongeza zaidi ya kilomita 1,300, na haifanyi hivyo kwa kupotea njia.

Sababu ya kwanza ni upepo, nitaueleza kwenye swali linalofuata. Ya pili ni ruhusa. Anga ya kila nchi ina mwenyewe, na nchi inaweza kuifunga. Tangu mwaka 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya na Marekani, na safari kama Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya karibu saa 9, ikapanda hadi karibu saa 13. Viwanja ni vile vile na umbali ni ule ule.

Ya tatu ni baridi. Mafuta ya ndege ya aina ya Jet A-1 huanza kuganda yakifika nyuzi 47 chini ya sifuri, na aina ya Jet A inayotumika sana Marekani huanza kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Juu ya maeneo ya ncha, hewa huweza kuwa baridi kuliko hapo. Kuna ndege nyingi tu zinazopita kule salama, lakini marubani wake huangalia kipimajoto cha matanki njia nzima, na ikibidi hushuka chini kidogo kutafuta hewa yenye ujoto au huongeza mwendo.

Mbona muda wa kwenda na wa kurudi haulingani?

Kwa sababu ya mikondo ya upepo mkali ya anga za juu. Inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 hivi, ambako ndiko ndege za abiria hupita. Kasi yake mara nyingi huzidi kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi huweza kuwa maradufu ya hapo. Ndege inayokwenda nao inasukumwa, na inayorudi nao usoni inazuiwa.

Mfano unaojulikana ni wa usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020. Ndege ya British Airways iliondoka JFK ikafika London Heathrow kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hupangiwa kama saa 7. Injini hazikuongezewa nguvu za ajabu. Kulikuwa na dhoruba iliyoupa upepo kasi kubwa, na ndege ikaupanda.

Sasa turudi Singapore. Kwa kuwa miji hii imeachana karibu nusu ya dunia, ndege ina hiari ambayo safari nyingine hazina. Ikitoka Singapore, mara nyingi hupita Pasifiki kuelekea mashariki. Ikitoka New York, mara nyingi hupita Atlantiki na Ulaya, na huko pia inaelekea mashariki! Pande zote mbili inautumia upepo ule ule. Ndiyo maana hapa muda wa kwenda na kurudi unakaribiana, wakati kati ya London na New York tofauti huwa karibu saa nzima. Abiria aliyekwenda na kurudi kwa njia hizo ameuzunguka ulimwengu mzima bila kukusudia.

Dunia inazunguka. Kwa nini ndege isipae tu juu na kusubiri New York ije?

Swali hili watu huliuliza kwa aibu na halina aibu yoyote. Hewa inazunguka pamoja na dunia. Pale Ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na hewa iliyo juu yake inakwenda nayo. Ndege ikipaa inabaki ndani ya hewa hiyo. Kinachobadilisha muda ni hewa kwenda kasi kuliko ardhi iliyo chini yake, na huo ndio upepo.

Nikiondoka Singapore usiku, nitafika New York saa ngapi?

Usijumlishe saa za safari moja kwa moja kwenye saa ya kuondokea. Kwanza hamisha saa ya kuondokea iwe ya kule unakokwenda, kisha ndipo ujumlishe.

Tuseme tiketi inasema unaondoka tarehe 10 Januari saa 23:30, na safari ni saa 18 na dakika 40. Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 13. Kwa hiyo unapoondoka, New York ni saa 10:30 asubuhi ya tarehe hiyo hiyo 10. Ongeza 18:40, unapata 05:10 alfajiri ya tarehe 11. Umekaa hewani karibu siku nzima, na kalenda imesogea usiku mmoja.

Kurudi ni kinyume. Ondoka New York tarehe 10 Januari saa 22:00. Singapore ni saa 11:00 ya tarehe 11 tayari. Ongeza saa 18 na nusu, unatua 05:30 tarehe 12. Tarehe 11 yote umeipitishia ndani ya ndege. Mwenye mkutano, harusi au miadi ya hospitali alijue hilo kabla ya kulipa.

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Singapore haisogezi. Katika miezi hiyo tofauti inakuwa saa 12 kamili, na mwenye saa ya mishale hana haja ya kuigusa: saa moja asubuhi ya huku ni saa moja usiku ya kule, na mishale imekaa pale pale.

Ule mstari wa kubadilisha tarehe ulio Pasifiki hauingii kwenye hesabu hii. Tofauti ya saa imeshaubeba.

Tiketi imeandika 00:40. Niende uwanjani lini?

Swali hili ningependa lisomwe kuliko yote, maana sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mitego miwili pale ambapo wengine wana mmoja.

Mtego wa kwanza ni saa zenyewe. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. 05:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Ukimsomea mtu kwenye simu "ndege ni saa kumi na moja" bila kusema alfajiri au jioni, wala bila kusema umesoma nini kwenye karatasi, mnaweza kupishana kwa saa sita au hata kumi na mbili. Mimi humtumia mtu namba kama ilivyochapwa, kisha chini yake naandika kwa maneno: saa tano na nusu usiku, Jumanne.

Mtego wa pili ni tarehe. Saa 00:40 ya tarehe 14 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa kuwa uwanjani tarehe 13 jioni. Niliwahi kusimama kwenye foleni nyuma ya mzee mmoja mwenye masanduku mawili yaliyofungwa kwa nailoni, amevaa koti jipya, watoto wake wamemsindikiza. Alifika tarehe 14 saa tatu usiku, akiamini ana muda wa kutosha kabisa. Dada wa dawatini aliigeuza ile karatasi, akaweka ncha ya kalamu kwenye 00:40, na hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Ndege ilikuwa imeondoka zaidi ya saa ishirini kabla. Lugha yetu ina neno linaloumaliza utata huu wote, "usiku wa kuamkia", na kila anayempangia mwenzake safari alitumie.

Nawezaje kukadiria muda wa safari nyingine yoyote?

Gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Kwa Singapore na New York: 15,349 kwa 850 ni 18.06, ongeza nusu saa, unapata kama saa 18 na dakika 35. Kwa New York na London, kilomita 5,540 hivi, unapata saa 7. Ukielekea mashariki punguza kidogo, ukielekea magharibi ongeza.

Kwa nini 850 wakati ndege kama Airbus A350 huenda karibu 900 kwa saa ikiwa juu? Kwa sababu hakuna ndege inayonyoosha mstari kamili. Ile nusu saa ni ya kupanda, kushuka na kutembea ardhini.

Ni ndege gani inaweza kwenda umbali huu bila kutua?

Chache. Kuanzia 2004 hadi 2013 safari ya Singapore na Newark ilifanywa na Airbus A340-500 yenye injini nne, na gharama ya mafuta ndiyo iliyoimaliza. Iliporudi Oktoba 2018 ilirudi na A350-900ULR yenye injini mbili, matanki ya lita 165,000, na uwezo wa kwenda karibu kilomita 18,000.

Ugumu ni kwamba mafuta yenyewe ni mzigo. Mafuta ya saa ya kumi na nane yanabebwa kwa saa kumi na saba kabla ya kutumika, na kuyabeba kunachoma mafuta mengine. Kwa hiyo uzito hupunguzwa kwingine: ndege hiyo ina viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati, na haina daraja la kawaida kabisa. Juu ya mafuta ya safari, ndege hubeba ya kufikia uwanja mwingine ikishindikana kutua, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo haipangiwi kuguswa. Chumba cha marubani kina marubani wanne wanaopokezana.

Nikipitia mji mwingine, napoteza muda gani?

Kupitia Frankfurt, kwa mfano, ni karibu kilomita 10,300 kisha 6,200, jumla 16,500. Kwa umbali, ongezeko si kubwa. Kinachoongezeka ni muda wa ardhini, na safari nzima huangukia kwenye saa 22 hadi 25. Mwenye mgongo mbovu au watoto wadogo, kusimama na kutembea katikati ya safari kunaweza kuwa na thamani kuliko saa nne alizookoa mwingine.

JFK na Newark ni kitu kimoja?

Hapana. Kwenye tiketi JFK ni JFK, Newark ni EWR, na viko pande mbili za jiji, zaidi ya kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Barabarani ni mbali zaidi na msongamano ni mkubwa. Ukiona umetua kimoja na ndege inayofuata inaondoka kingine, hakikisha una saa za kutosha, si dakika.

Saa 18 kwenye kiti zinaufanya nini mwili?

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, kwa hiyo kunywa maji hata kama husikii kiu. Miguu ndiyo ya kuangalia zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Inuka, tembea, chezesha vifundo vya miguu. Aliyewahi kuganda damu, mjamzito, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Uchovu wa kubadili majira ni mkali hapa kuliko karibu popote, kwa kuwa usiku na mchana vimebadilishana nafasi. Mwili huhama kwa kasi ya kama saa moja kwa siku. Mwanga wa asubuhi wa kule ulikofika ndio unaousaidia zaidi, basi siku ya kwanza usijifungie chumbani.

Ikichelewa kuondoka saa moja, itachelewa kufika saa moja?

Si lazima. Kwa safari ndefu kiasi hiki kuna dakika za akiba kwenye ratiba, na upepo mzuri unaweza kufidia sehemu kubwa. Lakini injini haziongezwi mwendo ovyo, maana kila dakika inayookolewa kwa kasi inalipwa kwa mafuta, na kwenye safari hii mafuta yamepimwa. Kama una ndege ya kuunganisha, mpigie wakala wako kabla hujapanda. Ukiwa angani juu ya Pasifiki hutakuwa na mengi ya kufanya.